Madoa ya Muuza Nyama

Mengesha alikuwa na kipande cha nundu mdomoni, kibichi, kimepakwa pilipili ya kusagwa mpaka kinang'aa, aliposikia sauti ya Emahoy nje ya pazia. Kipande chenyewe hakikuwa cha kutafunwa kwa haraka. Alikuwa amekikata mwenyewe, tena kwa uchu, na uchu haujui kukata vipande vidogo. Bucha lake lilikuwa na kufuli tangu Kwaresima ianze, kama mabucha yote ya Wakristo pale mjini, na siku hizo zote alikuwa akila dengu, kunde na kabichi mpaka akawa anaota ng'ombe. Sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chumba cha nyuma cha bucha la rafiki yake Seid, ambalo lilikuwa wazi kwa kuwa wateja wake ni Waislamu.

Dhambi zilikuwa mbili, na zote alizijua. Ya kwanza ni kula nyama Kwaresima. Ya pili ni kula nyama ya mchinjaji asiye wa dini yake, maana katika mji ule watu wanazikana, wanalea watoto pamoja na kuazimana chumvi bila kuulizana dini, lakini kwenye kisu kila mtu ana upande wake. Seid alikuwa amemkatalia mara nyingi. Isitoshe, mwaka huo Ramadhani ilikuwa imeangukia ndani ya Kwaresima, na Seid mwenyewe alikuwa amefunga, midomo imemkauka, huku amemshikia mwenzake sahani ya pilipili.

"Mfungo wangu nauweza," alimwambia. "Wako ndio unaonishinda."

Emahoy alikuwa shangazi wa mke wa Mengesha, mtawa mzee mwenye kofia ya manjano na masikio makali kama ya paka, aliyekuwa akiishi nyumbani kwao. Kila mtu alimwita Emahoy, kama watawa wote wanawake wanavyoitwa. Alikuwa amekuja kununua mkaa duka la pili.

"Seid, umemwona Mengesha?"

"Hapa pana ng'ombe tu, Emahoy. Naye amekwisha kufa."

Mengesha alifanya ambalo angelifanya mtu yeyote aliyefumaniwa na chakula mdomoni. Alimeza. Nundu ilifika nusu ya koo ikagoma, haipandi wala haishuki. Macho yakamtoka. Alijishika shingo, akapiga teke ndoo, na kikohozi kilichomtoka hakikuwa cha binadamu.

"Nani huyo?" akauliza Emahoy.

"Kondoo."

"Mbona anakohoa?"

"Ana kifua, masikini. Ngoja nikamtazame."

Seid aliingia nyuma ya pazia akamdunda rafiki yake mgongoni kwa kiganja kile kile alichozoea kupasulia mbavu. Kipande kikaruka, kikanata ukutani. Mengesha aliendelea kukohoa na kutapika hewa muda mrefu, amepiga magoti, mishipa ya shingo imetuna, machozi na kamasi vinamchuruzika. Alipoinua uso, Emahoy alikuwa amekwenda zake na Seid alikuwa anamtazama kwa namna isiyo ya kawaida.

"Una nini usoni?" akasema Seid.

Kioo cha bucha kilikuwa kidogo na kichafu lakini kilitosha. Kuzunguka macho, kwenye kope, mashavuni na kushuka hadi shingoni, Mengesha alikuwa amejaa vidoa vyekundu, vidogo kama vimechomwa kwa ncha ya sindano. Havikuwasha wala havikuuma. Alivisugua kwa mate, havikutoka. Hapo akajipiga ishara ya msalaba, kwa sababu jambo lilikuwa wazi kabisa kwake: Mungu hakusubiri hata Jumapili. Alikuwa amemwandika usoni.

Ingekuwa wiki nyingine yoyote angejifunika shuka akaugua kimya kimya. Lakini Jumapili hiyo, baada ya ibada, washenga walikuwa wanakuja kukata shauri kuhusu binti yake Wubalem. Kijana alikuwa Gashaw, shemasi, mwana wa Kasisi Lisanu, na mwenyewe alikuwa njiani kuwa kasisi. Katika kanisa lao kasisi huoa, ila mara moja tu, basi. Ndiyo maana ukoo wake huuchunguza ukoo wa msichana mpaka wanamfikia babu aliyesahauliwa jina, na wanatafuta mambo mawili: uchafu wa imani na ugonjwa wa ngozi. Mengesha, kwa kipande kimoja ambacho hata hakukila, alikuwa ameyapata yote mawili.

Nyumbani alijaribu kupita kando ya ukuta. Mke wake, Yeshimebet, alikuwa anachambua dengu. Aliinua macho, na sinia likamporomoka mapajani.

"Baba Wubalem, umefanya nini uso?"

"Baridi."

"Baridi gani ya kutoboa?"

Wakamkalisha kwenye kigoda karibu na mlango penye mwanga, na hapo ukaanza uchunguzi. Yeshimebet kwanza alisema ni viroboto, akatoa godoro nje akalichapa kama mwizi. Jirani aliyekuja kuona godoro linavyochapwa akasema si viroboto, ni yule buibui anayekojolea watu usingizini, na kwamba madoa yakizunguka shingo yakakutana, mtu hafiki asubuhi. Akazungusha kidole shingoni mwa Mengesha kupima pengo lililobaki. Mwingine akasema damu yake ni nyingi kwa sababu amekaa bila kazi. Ukoma hakuna aliyeutaja, lakini Mengesha aliwaona wanavyosogeza miguu nyuma, na mmoja akakataa kahawa, jambo ambalo pale kwao ni sawa na kumtemea mtu mlangoni.

Emahoy ndiye aliyekata kauli. "Ni michi," alisema. Michi humpata mtu aliyetoka kula kitu chenye harufu kali kisha akatoka juani kabla hajanawa vizuri. Hilo kila mtoto wa pale analijua. Akainama mpaka kofia yake ikamgusa Mengesha paji la uso.

"Ulikula nini kabla ya kutoka?"

"Shiro."

"Shiro tu?"

"Shiro na chapati ya injera. Nile nini kingine, Emahoy? Si mko hapa mnaniona?"

"Shiro ni unga wa kunde tu, haileti michi ya namna hii," alisema yule mzee, na akaenda kuchuma majani yake.

Aliyafikicha mkononi mpaka yakatoa maji ya kijani, akamwinamisha Mengesha kichwa nyuma, akayakamulia puani, tundu moja baada ya jingine, mbele ya majirani na watoto wao. Mengesha alipiga chafya mpaka akapoteza kiatu. Alipotazamwa tena, vidoa vilikuwa vimeongezeka. Emahoy akasema huo ndio uthibitisho kwamba dawa imeingia, sasa ugonjwa unatoka.

Wubalem alikuwa amesimama na birika muda wote huo. Aliokota kiatu cha baba yake akakiweka karibu na mguu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, wakampeleka kwenye maji ya baraka. Chemchemi iko nyuma ya kanisa, na mwangalizi wake alikuwa mtawa mmoja mrefu mwenye nywele za kamba na msalaba wa mbao, ambaye hakuwa anaamini ugonjwa wowote usio na jina la shetani. Watu walikuwa wengi. Nusu yao walikuwa wateja wa Mengesha. Alivua nguo akabaki na kaptula ya kulalia, kaptula ambayo Yeshimebet alikuwa ameishonea kiraka cha maua makalioni, na alisikia mtu nyuma yake akivuta pumzi ili asicheke.

Dumu la kwanza lilimwagwa. Maji yale ni ya mlimani. Yakikupiga kichwani unasahau hata umri wako. Mtawa akamgonga begani kwa msalaba.

"Sema! Wewe ni nani?"

Aliyeulizwa alikuwa shetani, si Mengesha, lakini shetani hakuwa na la kusema. Dumu la pili likaja.

"Uliingilia wapi?"

"Mdomoni," alisema Mengesha, kwa sababu meno yalikuwa yanagongana na hilo ndilo lililotoka.

Watu wakanong'ona. Mwangalizi akachangamka, asubuhi hiyo alikuwa bado hajapata shetani mwenye kusema. Akaashiria madumu mawili yamwagwe kwa pamoja.

"Ulitokea kwa nani? Taja jina! Alikutuma nani?"

Maji yalimziba Mengesha pua na kinywa, akakosa pumzi tena kama pale juu ya ndoo. Alitaka pumzi tu, pumzi moja. Akafumbua mdomo, na jina la mtu wa mwisho aliyempa pumzi likatoka lenyewe.

"Seid!"

Alipofungua macho, watu walikuwa wanajipiga ishara ya msalaba na Emahoy alikuwa analia kwa furaha. Michi haikuwa michi tena. Seid alikuwa amemtia jicho baya.

Habari ilifika sokoni kabla Mengesha hajavaa suruali. Kufikia adhuhuri kina mama walikuwa wanawafunika watoto nyuso wakipita bucha la Seid, Wakristo na Waislamu sawasawa, maana kwa hofu ya jicho mji ule una dini moja. Wateja waliokuja kuchukua nyama ya futari walikumbuka ghafla kwamba wana samaki nyumbani. Mzee mmoja alimwomba Seid, kwa adabu zote, asimtazame punda wake. Seid alisimama mlangoni na kisu mkononi, nyama nzima inaning'inia nyuma yake, hajui afanye nini na macho yake. Mwishowe akavaa miwani ya jua, na hilo likathibitisha kila kitu.

Mengesha aliyasikia yote hayo akiwa amejilaza, amefunikwa mpaka puani. Alijiambia kwamba Seid ni mtu mzima, atastahimili. Alijiambia kwamba washenga wakishaondoka, na harusi ikishapita, atasema. Alijiambia mengi, na hakuna hata moja lililomwingia.

Jioni Wubalem alikuja na shati lake mkononi, lile la Ijumaa. Akaketi ukingoni mwa kitanda akalikunjua. Kifuani palikuwa na doa la pilipili lenye mafuta.

"Baba, shiro ya mama haina mafuta," alisema. "Wala mama hasagi pilipili hivi. Hii ni ya kulia nyama."

Mengesha akatazama ukuta.

"Sikuja kukugombeza. Nampenda Gashaw. Siwezi kukudanganya kwamba sijali. Baba yake akijua, atasema nyumba hii hairuhusiwi kugusa hata kamba ya kengele ya kanisa." Alikuwa analikunja shati upya, polepole, doa ndani. "Lakini nilipovunjika mguu, ukiwa safarini na ng'ombe wako, aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ni Seid. Leo nimepita kwake, akageuza uso. Nilidhani ananuna. Alikuwa anaogopa kunitazama, baba."

Aliondoka na shati. Mengesha akavuta shuka mpaka juu ya kichwa, na humo gizani akajiona mtu wa hovyo kuliko alivyowahi kujiona.

Jumapili, washenga wakiwa bado kanisani, Yeshimebet na Emahoy walikuwa na shauri la mwisho. Mtu aliyetiwa jicho hupona mwenye jicho akimtemea mate. Hiyo ni njia ya haraka kuliko dawa yoyote, na walihitaji uso safi kabla ya kahawa ya pili. Yeshimebet alikwenda mwenyewe kwa Seid, akamwomba kwa jina la ujirani, na Seid akaja, na miwani yake.

Basi wakakutana katikati ya sebule, marafiki wawili wa tangu ujana, Mengesha ameketi kigodani na uso umeinuliwa kama mtu anayenyolewa ndevu, Seid mbele yake. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni kwa ajili ya wageni. Kahawa ilikuwa inakaangwa.

"Tema," alisema Emahoy.

"Sina mate," alisema Seid. "Nimefunga."

"Jitahidi."

Seid akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akainama mpaka akafika sikioni mwa Mengesha. "Niliutoa ule mnofu kooni mwako kwa mkono huu," alimnong'oneza. "Nikutemee mate, au wewe ndiye uteme kweli?" Kisha akajikunja mashavu akaanza kutafuta mate kwa dhati, maana alikuwa mtu mwema na alikuwa ameombwa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kasisi Lisanu aliingia na kilemba chake cheupe, nyuma yake wazee wawili na binti yake mkubwa, Sista Hirut, muuguzi wa zahanati, ambaye alikuwa ameletwa kwa kisingizio cha kusaidia kubeba mikate lakini kila mtu alijua amekuja kutazama ngozi. Walimkuta baba wa bibi harusi ameshikwa kichwa na mtawa huku muuza nyama Mwislamu akiwa amefura mashavu mbele ya uso wake.

"Tumewahi?" akauliza kasisi.

Emahoy akaeleza. Alieleza vizuri, na chemchemi, na shetani, na jina lililotajwa. Kasisi alisikiliza bila kuketi. Sista Hirut hakungoja mwisho. Aliomba glasi ya maji, akayamwaga maji majanini, akamkalisha Mengesha penye mwanga na kumbandika ubavu wa glasi shavuni, akabonyeza na kuchungulia ndani yake. Wote wakamsogelea kama anasoma nyota.

"Hayafifii," alisema.

Yeshimebet akashika kichwa.

"Mama, tulia. Madoa yakififia ukibonyeza, ni kama ya joto, au mdudu, au chakula kilichomkataa mtu. Haya hayafifii kwa sababu ni damu imevuja kidogo chini ya ngozi. Vimishipa vidogo vimepasuka." Akamgusa Mengesha paji la uso kwa mgongo wa mkono, akamwambia afumbue kinywa, akatazama fizi, kisha miguu. "Ingekuwa una homa, au fizi zinatoka damu, au yameenea mwili mzima, ningekukimbiza zahanati sasa hivi, maana hapo huwa ni jambo kubwa. Lakini yako yapo usoni na shingoni tu. Haya huja mtu akijikamua sana. Mama anayejifungua huyapata. Mtoto aliyelia mpaka akabadilika rangi. Mtu aliyetapika au kukohoa kwa nguvu. Yataondoka yenyewe. Si ukoma, wala hakuna aliyekutia jicho."

Hewa ikarudi chumbani. Mmoja wa wazee hata aliketi. Kasisi Lisanu akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema inawezekana Mengesha amekuwa akisujudu kwa nguvu, kwamba wapo watawa wa zamani waliosujudu na kulia mpaka nyuso zikavuja damu. Yeshimebet akadakia kwamba ni kweli, mume wake siku hizi amekonda kwa mfungo. Dhambi ikawa imekwisha kuvaa kilemba. Mengesha aliona utakatifu unavyomjia, umetandikwa mbele yake kama mkeka, na hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kuinamisha kichwa tu.

"Lakini yule shetani alimtaja Seid," alisema Emahoy. "Aliyemkaba mpaka hivyo vimishipa vikapasuka ni nani basi? Mwenye jicho hukaba."

Watu wote wakamtazama Seid, na Seid akavaa miwani yake.

Mengesha akamtazama binti yake. Wubalem alikuwa amepiga magoti kwenye jiko la kahawa, amekaza macho kwenye makaa, hasaidii upande wowote. Kijiko alikuwa amekishika kinyume.

"Ni nyama," alisema Mengesha.

"Nyama gani?" akauliza kasisi.

"Nyama ilinikaba, Abba. Nundu. Ijumaa, kwa Seid, nyuma ya pazia. Nilimbembeleza mpaka akachoka. Emahoy akaja, nikaimeza nzima nzima, nikakwama. Yeye ndiye aliyenigonga mgongo, la sivyo leo mngekuja matangani. Hana jicho wala nini. Nilimtaja kwa sababu maji yalikuwa baridi."

Emahoy ndiye aliyeelewa wa kwanza, na uso wake ulikunjamana kidogo kidogo.

"Basi yule kondoo mwenye kifua ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Emahoy."

Kasisi Lisanu alikuwa amepauka. Alikuwa mfungaji wa kweli. Tangu Kwaresima ianze hakuwa akitia kitu kinywani kabla ya alasiri, na siku hiyo alikuwa ameimba ibada tangu alfajiri. Aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kukusanya ushahidi wa hukumu, ilikuwa nyama ya namna gani. Na Mengesha, aliyekwisha kuamua kusema kweli, aliisema yote, na muuza nyama hajui kuieleza nyama kwa ufupi. Alisema ilikuwa ya fahali mchanga aliyelishwa nyumbani. Alisema nundu yake ilikuwa na ule mstari mmoja tu wa mafuta meupe katikati, ambao ukiuwekea ulimi unayeyuka wenyewe. Alisema pilipili ilikuwa imesagwa na kitunguu saumu na tangawizi, ikalainishwa kwa asali iliyochachuka kidogo, na kwamba kipande kilikuwa bado kina joto la ng'ombe.

Kasisi alimeza mate. Yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia, na yakapita njia isiyo yake.

Alianza kukohoa kwa heshima, kiganja mdomoni. Kisha kikohozi kikamzidi nguvu. Kilemba kikaanguka kwenye majani. Akainama, akapiga magoti, mishipa ya shingo ikatuna, macho yakajaa machozi, na Sista Hirut akawa bado anatafuta pa kumshika pale Seid alipoivua miwani, akapita katikati ya wazee na kumdunda kasisi mgongoni, kwa kiganja kile kile, tena na tena mpaka akashusha pumzi.

Kahawa ikafurika juu ya makaa. Sista Hirut akamwinua baba yake kidevu, akamgeuzia mwangani. Hakuhitaji glasi.

"Baba," alisema taratibu, "usijitazame kwenye kioo kwa sasa."

Kasisi Lisanu akaketi. Akapangusa macho kwa pindo la joho. Watu waliona hesabu inavyopita usoni mwake, katikati ya vidoa vilivyoanza kujitokeza kwenye kope: kwamba kesho atasimama madhabahuni na uso kama wa mwenzake, na kwamba mji utauliza. Lakini si hilo peke yake lililomshika. Alimtazama Seid, ambaye alikuwa amerudi kusimama karibu na mlango kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Mfungo wako nitakupa adhabu yake," alimwambia Mengesha. "Pasaka utawakatia watu wote nyama, nawe utakula kunde mpaka nikwambie basi. Hiyo ni yako na Mungu. Lakini jina la huyu ulilichafua mbele ya watu, penye maji ya baraka. Kesho utarudi pale pale, ukalisafishe mbele ya watu wale wale. Nitakuja nisikie." Akaokota kilemba, akakikung'uta vumbi. "Umenisikia, mkwe?"

Wubalem aliweka kijiko chini. Lile neno lilikuwa dogo na lilisemwa kwa kukereka, lakini alilisikia, na akaficha uso kwenye moshi wa kahawa akalia.

Jumatatu asubuhi chemchemini kulikuwa na watu wengi kuliko Jumamosi. Mengesha alivua shati bila kuambiwa. Mwangalizi alifurahi kumwona.

"Sema! Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mengesha, muuza nyama. Nimekuja kusema kwamba Seid hana jicho. Nilivunja mfungo, nikakwama na nyama kooni. Kosa ni langu."

Mwangalizi akatikisa kichwa kwa huzuni. Akawageukia watu akawaeleza kwamba shetani anayejitia jina la Mkristo ndiye mbaya kuliko wote, na akaagiza madumu zaidi. Mengesha aliungama tena, akamwagiwa tena. Aliungama kwa kelele, aliungama kwa magoti, alieleza hadi pazia lilikuwa rangi gani. Kadiri alivyosema kweli ndivyo walivyomhurumia kwa jinsi shetani anavyomwendesha.

Seid hakuweza kuvumilia. Alitoka alipokuwa amesimama, barabarani, akaja mpaka ukingoni mwa maji, na watu wakampisha kwa woga.

"Ni yeye," alisema. "Huyo shetani mnayemtafuta namjua tangu tukiwa vijana. Hana akili ya kutosha kuwa shetani."

"Na wewe ni nani?" akauliza mwangalizi.

"Seid."

Mwangalizi akarudi nyuma hatua moja. Ndipo Kasisi Lisanu aliposogea mbele na kuteremsha shuka aliyokuwa amejifunika mpaka machoni. Watu wakaona, na mlio ukapita kwenye foleni kama upepo. Mwangalizi aliinua msalaba nusu, akasita, mkono mwingine ukiwa umekwisha kushika dumu.

"Abba, hata wewe? Nani amekutia jicho?"

"Ni nundu," alisema kasisi kwa uchovu. "Wala mimi sikuila. Nilisimuliwa tu."

Hapo waliamini.

Jioni hiyo Seid alifuturu nyumbani kwa Mengesha. Lilikuwa jambo la kupendeza kwamba katika mwaka mzima huo ndio wakati pekee ambao sinia moja lilimfaa kila mtu, kwa sababu chakula cha Kwaresima hakina nyama ya upande wowote. Walikaa kulizunguka, dengu, kabichi, viazi na shiro isiyo na mafuta, wakangoja adhana. Ilipolia, Seid alikula tende, akanyanyua kikombe cha maji akajaza kinywa.

Yeshimebet alisogea karibu naye. Alizungusha pindo la shuka kidoleni, kama msichana.

"Shemeji Seid, najua yote yamekwisha na Sista ametueleza. Lakini kwa kuwa sasa mate unayo, na uso wenyewe uko hapo, ingekuwa vibaya ukimtemea kidogo tu?"

Mengesha, ambaye siku hizo hakuwa na haki ya kukataa lolote, aliinua uso na kufumba macho. Seid alimtazama, yule mtu mzima amekunja midomo akingoja, na kicheko kikamtoka kabla hajameza. Maji yote yakamrukia Mengesha usoni.

"Amina," alisema Emahoy.

Wiki hiyo hiyo madoa yakafifia, yakawa ya kahawia, yakaisha, kama Sista Hirut alivyokuwa amesema. Mji haukumkumbuka Sista Hirut. Ulikumbuka kwamba Seid alimtemea. Kufikia Pasaka kulikuwa na foleni ya kina mama mbele ya bucha lake, kila mmoja na mtoto mwenye vipele vya joto mgongoni, au alama ya kiroboto shingoni, au harara kutokana na sabuni. Seid aliwafundisha kubonyeza kwa glasi. Aliwaambia wenye homa na wenye madoa yasiyofifia wakimbie zahanati, na akawaonyesha njia kwa kisu. Walimshukuru sana, wakaahidi kwenda. Ila kwanza, walisema, ateme kidogo.

Mengesha alipita hapo akitoka kukata nyama ya harusi ya Wubalem, mikono ina mafuta mpaka viwikoni, tumbo limejaa kunde. Akasimama kumtazama rafiki yake akiinamia mtoto baada ya mtoto.

"Uliponisingizia," Seid alimwambia bila kuinua kichwa, "angalau nilikosa wateja nikapata nafasi ya kulala mchana."